Jiko la Mashudu la Mama Masalu

Nyanzala alinipigia simu nikiwa nimezama kwenye unga mpaka viwiko. Akasema, "Wifi, mama ametutoka." Nikamuuliza mama yupi, ingawa nilijua vizuri sana. "Mama Masalu, wifi. Mama yetu." Mama yetu! Huyo alikuwa mama mkwe wangu kwa mwaka mmoja tu, tena mwaka ambao kila asubuhi nilimpa shikamoo na yeye akaiacha ining'inie hewani. Nikampa Nyanzala pole, maana ndugu yangu pole haikatai mtu, nikamaliza kukanda, nikaoka, nikauza. Wateja wangu wa Geita wanataka mkate wa chai, habari za msiba wa Kambarage haziwahusu. Ndipo nikapanda basi la Shinyanga. Sikulia njiani na sikulia nilipofika. Naliweka hili wazi mapema ili mtu asije akasoma mpaka mwisho akinisubiri nilie.

Nilikuta mvua inanyesha na nyumba imejaa. Maiti ilikuwa imelazwa chumbani kwake, akina mama wamekaa kwenye mikeka sebuleni na ukumbini wakiimba nyimbo za kanisani, na wapishi wanahangaika uani na kuni zilizolowa. Masalu, aliyekuwa mume wangu, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mvi zimemjaa, kifua kinamkoroma kama cha watu wengi waliomeza vumbi la machimbo. Akaniambia, "Karibu, Kabula." Nikamwambia asante. Hatukuwa na kingine. Nikapita kwenda nyuma kuweka mzigo wangu, nikasukuma mlango wa chumba cha mwisho, na pale pale likawa limenikodolea macho: jiko. Limeota kutu, kuku wametagia ndani ya droo ya majivu, lakini limesimama vilevile na bomba lake limetoboa paa. Nikajikuta nimesimama pale na mzigo mkononi kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu aliyekuja msibani.

Nilikozaliwa, tulikuwa wangapi nyumbani, baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, hayo sitayaandika. Itoshe kusema nilitoka upande wa Kishapu, nikaletwa Shinyanga mjini kuolewa na Masalu mwaka mmoja kabla ya zile mvua za Elinino, nikiwa msichana mwenye mwili mwepesi na mdomo mzito. Mdomo ulikuja kuchangamka baadaye. Masalu alikuwa mchimbaji. Alikaa nami siku chache za fungate, akanionyesha sokoni na kisimani, kisha akarudi Geita kuingia duara, kama wanavyoyaita wenyewe yale mashimo yao. Siku ya kuondoka alinishika mkono kule nyuma ya nyumba, akasema, "Nikipata chumba nitakuita. Utakuwa na jiko lako mwenyewe." Kwetu mwanamke anayepikia kwenye jiko la mama mkwe bado ni mgeni, hata akizaa watoto wanne. Akishatengewa jiko lake, hapo ndipo anaitwa mke. Nililishika neno lile la Masalu kama mtu aliyeshika nguzo ya basi. Mwaka mzima sikutaka kitu kingine duniani: chumba Geita, mume wangu, na jiko langu.

Kwa wakati ule nililopewa lilikuwa hili la mama yake. Tena nililala nalo chumba kimoja. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu: cha mama mkwe, cha Nyanzala, na cha jiko, na kitanda changu cha kamba kikapangwa humo, kichwa ukutani, miguu kwenye magunia. Mama Masalu alikuwa muokaji. Alioka mikate na skonzi za mahoteli ya stendi na za majirani, na jiko lake lilikuwa maarufu Kambarage nzima kwa sababu halikuwa la kuni wala la mkaa. Alilinunua kwa Mzee Gulamu, mfanyabiashara wa Kihindi mwenye kinu cha mafuta ya pamba, ambaye fundi wake wa kuchomelea alilitengeneza kwa pipa la lami kwa ajili ya nyumba yao wenyewe. Lilikula mashudu. Pale kinuni, mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta, makapi yake yalisindikwa na mashine yakatoka vidonge vigumu vya ukubwa wa kiungo cha kidole, chakula cha ng'ombe. Vile vilivyolowa vikaota ukungu, ng'ombe hawezi kuvila, Mzee Gulamu akamuuzia Mama Masalu kwa bei ya kutupa. Unavimimina kwenye faneli la bati juu, vinateremka kidogokidogo kwenye wavu wa chuma, unazungusha feni ya mkono kwa chini, na moto unanguruma kama mtu mwenye hasira anayejizuia. Juu yake kuna sanduku la mikate. Pembeni bomba la moshi linapanda mpaka nje ya paa.

Jiko hilo likiwa na afya lilikuwa zuri, sitalisingizia. Likiugua, Mungu akusaidie. Mashudu yakiwa na unyevu yanavimba kwenye faneli na kugandamana, moto unakosa chakula, unazimika mikate ikiwa nusu. Chenga zikiwa nyingi zinaanguka kwenye wavu na kuziba hewa. Majivu ya mashudu nayo si majivu ya kawaida, yana mafuta na chumvi, yakipata moto mkali yanayeyuka, kisha yanaganda kuwa mawe meusi kama chupa iliyoungua, na yakishaganda kwenye wavu unayavunja kwa nondo. Na masizi ya bomba yanateleza, yananuka, yanashika mikono wiki nzima. Haya yote nayasema sasa kwa raha, kama mwalimu. Wakati ule hakuna aliyenifundisha hata moja. Mama Masalu alikataza. Siku ya kwanza Nyanzala alifungua mdomo kuniambia nianze kwa kuchekecha, mama yake akamkatiza: "Mwache. Mwanangu kaoa mke, hakuoa mwanafunzi." Nikawasha nilivyodhani. Moshi ukafumuka kwenye mdomo wa jiko, ukanipiga usoni, nikatoka mbio uani machozi yakinitiririka, na mama mkwe na wanawake wawili waliokuja kununua skonzi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Basi ikawa ndivyo. Kila asubuhi nilipiga goti mlangoni kwake, "Shikamoo mama." Badala ya marahaba aliuliza, "Moto?" Nikisema umewaka vizuri, aliinua pua, akanusa, akaguna. Nikisema unasumbua, alinigeuzia mgongo. Marahaba hakunipa. Salamu ya mtu mzima haikawii kurudishwa hata kwa mlevi wa barabarani, lakini mimi ilinirudia mwenyewe, nikainuka nayo na magoti yangu yenye vumbi. Jina langu pia hakulitumia. Nilikuwa "wewe wa Kishapu", na mbele ya wageni "huyu." "Huyu mikate kaiunguza tena. Kwao wanakula nyasi na ng'ombe, mkate wauonee wapi?" Wageni walicheka kwa adabu. Mimi niliendelea kuzungusha feni, na moyoni nikamtukana kwa Kisukuma, matusi ambayo hata leo siwezi kuyaandika.

Chakula chake nakikumbuka kwa uchungu kuliko kejeli. Kwa sheria ya nyumba ile, mkate mzuri ulikuwa wa kuuza, mkate ulioungua ulikuwa wangu. Wao walikula ugali na samaki wa Chato, mimi nilipewa michembe ya viazi vilivyokauka, imechemshwa na maji na chumvi, na juu yake vipande vyangu vyeusi. Miezi ya kwanza nilishiba mikate, kwa sababu kila siku niliunguza. Halafu nikaanza kulijua jiko. Nikajifunza kuyaanika mashudu kwenye turubai kabla jua halijawa kali na kuyachekecha kwa ungo, nikajua kuvunja mawe ya wavu yakiwa bado ya moto kidogo, maana yakipoa kabisa ni kama unapiga jiwe la Shinyanga. Nikajua kugonga bomba kwa fimbo kila baada ya kuoka, masizi yakadondoka chini kabla hayajafanya mzigo. Nikajua kwa sikio: moto ukivuta vizuri unasikika ukinyonya, na moto uliobanwa unapumua kwa kikohozi. Mikate ikaanza kutoka ya dhahabu, sawasawa, juu na chini. Na nikaanza kulala njaa, kwa sababu hakuna iliyoungua. Nakumbuka siku ya kwanza trei zote zilitoka safi, nilisimama mbele yake kama mpishi wa ikulu, Mama Masalu akahesabu kwa macho, akaninyooshea bakuli la michembe mikavu. "Leo umejinyima mwenyewe," alisema. Loo, yule mwanamke!

Kuna siku walikuja wafugaji wawili kutoka kwetu, wamevaa makoti ya kijivu jua kali vile, wanatafuta mashudu kwa Mzee Gulamu. Kiangazi kilikuwa kibaya, ng'ombe wanaanguka. Walipita uani wakanikuta namimina gunia kwenye faneli. Mmoja akasimama. "Mwangaluka, binti. Mnachoma chakula cha ng'ombe?" Nikaanza kumweleza habari ya ukungu, kwamba haya yangewaua ng'ombe wao. Hakunisikiliza. Alichota konzi moja ya vile vidonge vibovu, akanusa, akavirudisha taratibu kimoja kimoja, akatikisa kichwa akaondoka. Jioni Mama Masalu aliisimulia kama kichekesho mezani, jinsi "ndugu zake huyu" walivyotaka kulamba jiko. Nyanzala alicheka pia. Nyanzala alicheka kila mama yake alipocheka, hiyo ilikuwa shughuli yake kubwa katika nyumba ile.

Masalu alipoleta habari ya kwanza kwamba amepata chumba, nilidhani nitapasuka kwa furaha. Barua hazikuwa kawaida yake, alituma watu. Mama yake alipokea maneno yale, akanyonya jino, kisha akaniita. "Mke asiyejua moto wa nyumba hii haendi kumwashia moto mwanangu. Chumbani kwangu bado moshi unaingia. Siku jiko hili litakapoacha kunitia moshi chumbani, siku hiyo nitakufungia mzigo wako kwa mikono yangu." Kuta za nyumba ile hazikufika juu, ziliishia chini ya paa kwa kiasi cha mkono, kwa hiyo chochote kilichotoka chumba cha jiko kilipita na kumshukia kitandani. Nikaona ni haki. Mjinga mimi, nikaona ni haki kabisa! Nikajitahidi maradufu. Moshi ukapungua, ukaisha. Siku kadhaa ukaisha kabisa, nyumba ikanuka mkate tu. Nikaanza kukunja nguo zangu. Halafu asubuhi moja, nimewasha vilevile kwa mashudu yaleyale, moshi ukarudi wote, mzito, wa njano, ukajaza nyumba mpaka Mama Masalu akatoka akikohoa, mkono kifuani, akaniambia mbele ya wateja, "Eti huyu ndiye anataka kwenda kwa mume."

Ikawa hivyo tena na tena. Nilitengeneza, likatengemaa, mtu wa Geita akaja na salamu za Masalu kwamba mwambieni Kabula aje, na baada ya hapo moshi ukarudi. Ningekuwa na akili ningeliona mapema. Lakini mtu anayetukanwa kila siku huanza kujichunguza yeye kwanza. Nilijiona nina mkosi. Nililala nikilia, macho yangu yamevimba, yamekuwa mekundu kama ya mlevi, kope zimeungua mbele. Mama Masalu naye alikohoa usiku kucha upande wa pili wa ukuta, na mimi, mjinga wa wajinga, nilimwonea huruma. Niliamka kumpelekea maji ya moto. Aliyapokea bila kushukuru, akanywa, akanirudishia kikombe.

Kisha akaja Shija. Shija alikuwa mchimbaji mwenzake Masalu, kijana mcheshi, maneno mengi, anauza na kununua kila kitu. Alipita Kambarage akielekea kwao, akapewa chai na skonzi uani. Mimi nilikuwa nachekecha. Akaniambia, "Shemeji, mbona hujavaa kile kitenge? Masalu alinisumbua duka zima, mpaka akakipata cha njano chenye tausi. Akasema akikuona umeshuka basi na kitenge kile atakujua kutoka mbali." Nikamwambia sijaona kitenge chochote. Mama Masalu akacheka haraka, akasema, "Shija, we nawe unakunywa mpaka unaota. Labda mlimnunulia yule mnayekunywa kwake." Shija akanitazama, akamtazama mama, akainamia chai yake. Hakurudia tena. Mimi usiku ule nilimlaani Masalu na huyo mwanamke wake wa kwenye pombe, ambaye hakuwahi kuwepo, nikamlia na kumchukia mpaka asubuhi. Na kesho yake, bila shaka, moshi ulirudi.

Siku ile nilikasirika hasa, na hasira ikanisafisha akili. Nikazima jiko, nikalifungua kama mtu anayemchinja kuku. Mashudu yalikuwa makavu, yanakatika kwa sauti. Wavu ulikuwa safi, nilitia kidole kila tundu. Droo ilikuwa tupu, feni inazunguka. Bomba nililigonga kutoka chini mpaka dari na likaitika kwa sauti ya utupu. Kila kitu ambacho mkono wangu ungeweza kufika kilikuwa kizima. Palibaki mahali pamoja tu: juu, nje, kwenye kofia ya bomba, ambako kutoka chini huoni kitu kwa jinsi nyumba ya jirani ilivyobanana na yetu. Na huko mimi sikuruhusiwa. Katika ukoo ule mkwe hapandi juu ya paa ambalo chini yake mama mkwe analala. Ni kusimama juu ya kichwa chake, ni kumwombea kifo. Binti wa nyumba anapanda kuanika michembe kila siku, paa ni lake. Mkwe akipanda, ndoa imekwisha hapo hapo, na nilionywa hivyo siku niliyoingia, kabla hata sijapewa maji ya kunywa.

Ningekaa na mashaka yangu labda mpaka leo. Lakini mchana huo nilijilaza pale chumbani, jiko limezimwa, kimya, na wao walidhani nimekwenda kinuni. Sauti ikapita juu ya ukuta. "Mama, mpaka lini? Safari hii hata mimi nakohoa," Nyanzala alisema. Mama Masalu akajibu bila haraka, kama anayepanga mauzo: "Mpaka Masalu achoke kuita. Huyu akienda Geita nani ataoka? Wewe? Wewe hata moto wa kiberiti unakushinda. Watu wa stendi wameshanizoea kwa mkono wa huyu. Kajifunza mno, sasa haendi popote." Kisha akakohoa, na akiwa bado anakohoa akasema, "Utakitoa Jumamosi, ukirudishe wakileta maneno tena."

Nilibaki nimelala, nikitazama wavu niliousafisha. Miezi yote ile nilidhani nikilijua jiko nitaondoka. Kumbe kadiri nilivyolijua ndivyo alivyozidi kunifunga, na yeye alikuwa tayari kukohoa damu kitandani kwake ili mimi nisifike kwa mume wangu. Hata kumchukia kwa wakati ule sikuweza, nilipigwa na bumbuwazi tu. Roho ya mtu inaweza kuwa hivyo, jamani? Halafu nikainuka, nikachukua ngazi, nikapanda.

Kwenye kofia ya bomba palikuwa na kitu kimefungwa kwa waya, kimezunguka pale moshi unapotokea, kimejaa masizi mpaka kimekuwa kigumu kama ngozi. Nikafungua waya kwa meno. Kilipokunjuka, ndani ya mikunjo rangi ilikuwa bado ipo. Njano. Na shingo ya tausi, na nusu ya mkia wake, nusu nyingine imeungua. Nilikaa kwenye bati lile la moto, kitenge changu mapajani, nikakilaza na kukinyoosha kwa viganja kama mtu anayepiga pasi. Alikuwa amekichagua vizuri. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilishtuliwa na yowe la Mama Masalu kutoka uani: "Yuko juu ya kichwa changu! Njooni mwone! Huyu ananiua!"

Wakaja wote. Majirani, wateja, baba mdogo Maganga ambaye alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo pale mjini. Nikashuka na kitenge, nikakitandaza chini mbele yao, nikasema yote, na ule mdomo wangu mzito ukafunguka siku ile na haujafunga tena. Hawakukitazama. Ninaapa, walikiruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Baba mdogo Maganga aliniuliza swali moja tu, "Ulipanda, hukupanda?" Nikasema nilipanda, lakini. Akasema, "Hakuna lakini." Nikamgeukia Nyanzala, nikamwambia sema, wewe ndiye uliyekifunga. Nyanzala akamtazama mama yake, akasubiri kama atacheka ili naye acheke. Mama hakucheka. Basi Nyanzala akanyamaza.

Masalu aliitwa kutoka Geita. Nilimsubiri kama mtu anavyosubiri hakimu ambaye ni ndugu yake. Alipofika nilimpokea na kitenge, nimekifua mara nyingi lakini harufu ya moshi haikutoka. Alikishika. Alikitambua, niliona macho yake. Alimtazama mama yake, aliyekaa kwenye kigoda amejifunga shuka kichwani kama mgonjwa, akageuka kwangu, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na hilo ndilo sijamsamehe. "Kitenge nitanunua kingine, Kabula. Mama sina mwingine." Akakikunja vizuri, akanirudishia. Ikaamuliwa ng'ombe wa mahari warudi na mimi nirudi kwetu. Wakati natoka na mzigo wangu nilipita mlangoni kwa Mama Masalu, nikapiga goti kwa mazoea, nikasema shikamoo. Aliuliza, "Moto nani atawasha?" Aliniuliza mimi! Nikaondoka bila kumjibu.

Sikukaa Kishapu. Nilikwenda Geita mwenyewe, bila mtu wa kunishusha kwenye basi, nikaanza na pipa la nusu na pumba za mpunga, na leo nina majiko mawili na sijawahi kumpigia goti mwanaume wala mwanamke kwa sababu ya moto. Watu huniambia, ooh, yule mama alikufundisha kazi, mshukuru. Khaa! Hakunifundisha kitu, alinichoma tu, na mtu akiungua sehemu fulani mara nyingi hujua moto uko wapi. Tofauti hiyo naijua mimi. Kuna wakati nilijaribu kumsamehe, nilishauriwa kanisani. Nikashindwa, nikaacha kujaribu, nikalala vizuri.

Sasa turudi kwenye ile mvua ya msiba. Nikiwa bado nimesimama mbele ya jiko, Nyanzala akaja nyuma yangu, mtu mzima sasa, magoti yamemvimba, anatembelea fimbo. "Wifi, kuni zimelowa zote. Watu hawajala tangu jana. Wewe ndiye pekee uliyelijua hili. Mashudu ya ng'ombe wangu yapo, nusu gunia." Nikafikiri wale akina mama kwenye mikeka hawakunikosea kitu. Nikawafukuza kuku, nikavunja mawe ya zamani kwenye wavu, nikachekecha, nikawasha. Mikono ilikumbuka kila kitu. Moto ukashika, nikainamisha sikio, nikasikia kile kikohozi: moto uliobanwa, umezibwa juu. Ndege wamejenga, au kutu imeangusha kofia. Sikulijua hilo kabla ya kuwasha. Ningelijua, ningewasha mapema zaidi. Moshi ukafumuka, ukajaa chumba, ukatoka ukumbini, nyimbo zikakatika, watu wakaanza kukohoa.

Vijana wote walikuwa makaburini wanachimba. Masalu akaja, kitambaa mdomoni, macho yanamtoka machozi. "Bomba limeziba juu, Kabula. Ngazi ile pale. Mimi kifua hiki hakipandi. Panda wewe uangalie."

Nikamuuliza, "Nipande wapi?"

"Paani. Si unapajua?"

"Na mama yako amelala hapa chini?"

Akageuka kuutazama mlango wa chumba cha mama yake. Nyanzala naye alisimama nyuma yake, mkono mdomoni. Masalu akasema taratibu, "Mama amekufa, Kabula."

"Amekufa, lakini hajatoka. Bado yuko chumbani kwake, na mimi nilikuwa mkwe wa nyumba hii. Sisimami juu ya kichwa chake. Mlinifundisha wenyewe, mbele ya watu, na nikaelewa."

Alinitazama kama anayesubiri niseme natania. Sikutania. Nikavuta mkeka, nikakaa katikati ya akina mama, nikainua upindo wa kitenge changu nikajifunika pua. Ni cha njano, nilikinunua mwenyewe. Nyanzala akaanza kulia kwa sauti, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumtazama kwanza. Mimi niliinua macho nikautazama moshi ukipanda ukuta, ukifika pale juu ambapo ukuta haukuwahi kumaliziwa, ukainama, ukaingia chumbani kwake.